Mita 50 bila ukuta wa kushika

SWALI: Kocha, habari ya kazi. Binti yangu ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne. Amejifunzia kuogelea kwenye bwawa la shule, la mita 25. Baada ya wiki tatu ana gala yake ya kwanza, Kasarani, na ameandikishwa mita 50 mtindo huru na mita 50 mtindo wa chura. Shuleni anazimaliza bila taabu. Shida ni miwani: kila akijirusha inamvuka, macho yanajaa maji, anasimama. Nimtayarishe vipi? – Mzazi, Umoja

JIBU: Miwani tutaimaliza, mama, lakini kilichonishtua kwenye swali lako ni hilo bwawa. Shuleni, mita 50 ni kwenda na kurudi. Katikati kuna ukuta: mtoto anaushika, anavuta pumzi, anausukuma kwa miguu na kupata mita mbili tatu za bure. Bwawa kubwa la Kasarani ni mita 50 ukuta hadi ukuta. Hakuna pa kushika njiani. Nimeona watoto wenye kasi nzuri wakifika kama mita ya 30, wanainua kichwa kuutafuta ukuta waliouzoea. Kichwa kikipanda, miguu inazama, na kuanzia hapo mtoto anapigana na maji.

Kwa hiyo wiki hizi tatu mwombe kocha wake amfanyie zoezi moja: akikaribia ukuta, ageuke mita moja kabla, katikati ya maji, bila kugusa chochote, arudi. Mara moja kwa siku ya kwanza, baadaye mara nne kwa kipindi. Na mita 15 za mwanzo aende kwa utulivu. Watoto hutoka kana kwamba wanafukuzwa na mbwa, kisha pumzi inawaishia njiani. Mwambie pia kwamba kwenye mtindo huru akichoka anaweza kushika kamba ya njia yake apumzike. Kosa ni kuivuta ili asonge mbele. Wengi wakijua hilo tu, moyo unatulia.

Sasa miwani. Inavuka kwa sababu anaingia majini akitazama mbele. Kidevu kishuke kifuani, mikono ibane masikio, maji yaguswe na vidole kisha utosi. Mkanda upite juu ya masikio, nyuma ya kichwa, halafu kofia ivaliwe juu ya mkanda. Usiikaze mpaka macho yatoke alama. Na mara moja kwa wiki aogelee mita 25 bila miwani kabisa, ili ikivuka siku hiyo asione dunia imeisha. Tahadhari moja ambayo sina mzaha nayo: asifanye mazoezi ya kujirusha upande wa maji mafupi. Sheria za World Aquatics zinataka kina cha angalau mita 1.35 mbele ya majukwaa ya kuanzia, na mabwawa mengi ya shule hayafiki hapo upande wa watoto. Kama shule haina kina hicho, kocha aulize mapema ikiwa waandalizi wanaruhusu watoto kuanzia ndani ya maji.

Mtindo wa chura ndio unaoondoa watoto wengi, na mara nyingi ni pale mwishoni. Lazima mikono yote miwili iguse ukuta kwa wakati mmoja. Mtoto akiona mwenzake yuko sambamba naye, ananyoosha mkono mmoja. Wa pili bado uko kifuani, na mwamuzi aliyesimama juu yake ameshainua wake. Miguu nayo ipige pamoja, si mmoja hivi na mwingine vile kama makasi. Hilo la mikono mfanyishe hata jikoni: atembee hadi ukutani, aguse kwa viganja viwili, pa!

Filimbi mzizoeze nyumbani. Fupi fupi kadhaa: vua sweta, kaa tayari. Ndefu moja: panda jukwaani. Mwanzishaji akitoa amri, ajiinamishe na asitikisike hata kidogo mpaka mlio usikike. Akitangulia mlio, ameondolewa.

Chakula si jambo la kusumbua kichwa: uji na mkate saa mbili hivi kabla, ndizi kati ya mbio, maji mara kwa mara. Beba taulo mbili na sweta nzito, hasa kama ni Julai. Mtoto anayetetemeka tangu asubuhi ameshachoka kabla ya kuingia majini.

Mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika umwandikie mkononi namba ya shindano, kundi na njia yake. Kila gala kuna mtoto anayeitwa mara tatu, kumbe yuko kwenye foleni ya smoki.