Maswali yenu: memori inapanda kwenye Arm, inavuja au haivuji?

Wiki hii maswali mengi yamegusa jambo moja: mtu anapima memori ya programu kwenye laptopu ya Intel, anahamia mashine ya Arm (aina nyingine ya prosesa), na namba zote zinabadilika. Nimechagua manne.

Shikamoo fundi. Tumehamisha mfumo wetu wa mauzo kutoka seva ya Intel kwenda ya Arm, maana ni nafuu. Msimbo ni ule ule, ila memori imepanda. Imeanza kuvuja? (Msomaji, Sinza)

Marahaba. Kabla hujaanza kuwinda uvujaji, yaani memori ambayo programu imeiomba ikasahau kuirudisha, andika `getconf PAGESIZE` kwenye seva zote mbili, ulinganishe majibu.

Linux hugawa memori kama duka la jumla la Kariakoo: katoni haifunguliwi. Ukitaka soda moja, unabeba katoni nzima. Katoni hiyo inaitwa ukurasa (ndio ukubwa wake unaoonyeshwa na `getconf`), na kwenye Intel na AMD ukurasa wa kawaida ni KB 4. Arm ya biti 64 inaruhusu KB 4, 16 au 64, na anayeamua ni yule aliyeandaa mfumo. Red Hat Enterprise Linux 8 (aina moja ya Linux ya seva) ya Arm ilikuja na kurasa za KB 64. Toleo la 9 likarudi kwenye KB 4. Sasa piga hesabu. Programu ikifungua mafaili 100 ya KB 1 kwa kuyaunganisha moja kwa moja na memori, kwenye kurasa za KB 4 yanakalia KB 400. Kwenye kurasa za KB 64 yanakalia KB 6,400. Hakuna hata baiti moja iliyovuja.

Utatofautishaje? Endesha heaptrack kwenye mashine zote mbili kwa kazi ile ile. Chombo hiki huhesabu kile programu ilichoomba, si kurasa ilizopewa. Kama heaptrack inatoa namba zinazokaribiana lakini mfumo unaonyesha matumizi tofauti, chunguza ukubwa wa kurasa kwanza. Massif, kipimo kimoja ndani ya Valgrind (mkusanyiko wa vyombo vya kukagua programu), nayo huhesabu maombi; ukitaka ihesabu kurasa, iambie `--pages-as-heap=yes`. Tazama na mwenendo pia: uvujaji hupanda saa baada ya saa bila kuchoka, ila tofauti ya kurasa hupanda mara moja ikatulia.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kukesha siku tatu ofisini Kijitonyama nikitafuta uvujaji usiokuwepo, na mteja anapiga simu kila asubuhi. Siku hizo tatu bado zinaniuma.

Valgrind inakataa kuendesha programu yangu, inasema kuna amri haiitambui. Kwenye mashine ya mwenzangu inakubali. Tatizo nini? (Mwanafunzi, Kijitonyama)

Valgrind haiachi prosesa isome programu yako moja kwa moja. Inachukua amri za mashine, inazitafsiri kwenye lugha yake ya ndani, inapachika ukaguzi wake, kisha inazirudisha kuwa amri za prosesa ile. Kwa hiyo kila aina ya prosesa inahitaji mtu akae aandike mfasiri wake, amri kwa amri. Ni kazi ngumu mno, na watu wanaoifanya wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. RISC-V, aina nyingine ya prosesa, kwa mfano, imeingia rasmi kwenye toleo la 3.25, mwaka 2025.

Nadhani ulijenga programu kwa `-march=native`. Hapo kompaila hutumia kila amri mpya iliyomo kwenye prosesa yako, zikiwemo za AVX-512 (za kuchakata namba nyingi kwa mpigo) ambazo Valgrind haizifahamu. Jenga upya bila agizo hilo.

Ikigoma bado, tumia AddressSanitizer, kikaguzi kingine cha makosa ya memori. Yenyewe hupachikwa na kompaila wakati wa kujenga, haitafsiri amri, na hupunguza kasi takribani mara 2 tu, wakati Memcheck, kikaguzi cha makosa ya memori cha Valgrind, hupunguza mara 20 hadi 30. Angalizo: inatenga baiti 1 ya kumbukumbu za ukaguzi kwa kila baiti 8 za programu, na inaongeza nafasi za ulinzi kuzunguka kila kipande. Itumie kukamata makosa. Usiitumie kupima programu inakula memori kiasi gani.

Kwenye Arm ripoti ya chombo cha kupimia memori inaonyesha anwani tupu badala ya majina ya funksheni. (Msomaji, Tabata)

Mambo mawili. Kwanza jenga kwa `-g`, la sivyo majina yanaweza kukosekana. Pili, ongeza `-fno-omit-frame-pointer`, agizo linaloifanya kompaila iache alama za jinsi funksheni zilivyoitana.

Sababu ya hilo la pili ni hii. Kwenye Intel, funksheni ikiitwa, anwani ya kurudia husukumwa kwenye staki (sehemu ya memori inayotunza kumbukumbu za funksheni zilizoitwa) papo hapo. Kwenye Arm ya biti 64 anwani hiyo huwekwa kwanza kwenye rejista x30 (nafasi ndogo ndani ya prosesa yenyewe), na funksheni isiyoita nyingine huenda isiiandike kwenye staki kabisa. Chombo kilichozoea Intel kikipekua staki hakioni kitu, kinapotea njia. Ubuntu imewasha agizo hilo kwa vifurushi vyake tangu 24.04, ila programu yako unaijenga mwenyewe, kwa hiyo liwashe mwenyewe.

Sina mashine ya Arm. Naweza kupima kwa QEMU (programu inayoiga mashine nyingine) kwenye laptopu yangu? (Msomaji, Mbagala)

Kuona kama programu inawaka na kutoa majibu sahihi, ndiyo. Kupima memori, hapana. QEMU inayoendesha programu moja moja ina memori yake yenyewe ndani ya namba utakayosoma, na kurasa zilizopo chini ni zile za KB 4 za laptopu yako.

Azima Raspberry Pi 5 kwa mtu, hata kwa siku moja. Mfumo wake wa kawaida wa biti 64 unatumia kurasa za KB 16, kwa hiyo mambo niliyomweleza msomaji wa Sinza utayaona kwa macho yako.