Nikinunua viazi kwa kilo, nitashindanaje na wanaojaza lumbesa?

SWALI: Ninanunua viazi mviringo kwa wakulima wa Njombe na kuviuza Dar es Salaam. Wenzangu wanafungasha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, lakini wanamlipa mkulima bei ya gunia moja. Ninaona si haki, ila nikitumia mzani ninaogopa hasara. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, lakini kwanza tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba gunia linanunuliwa kwa shilingi 60,000. Mkulima anadhani ameuza kilo 100 kwa shilingi 600 kila kilo, kumbe kwa kile kilemba kilichoshonewa juu ametoa kilo 130, yaani amelipwa shilingi 461 hivi kwa kilo. Wewe ukija na mzani na kumpa shilingi 500 kwa kilo, viazi vilevile vitamletea shilingi 65,000. Ukitaja bei ya gunia la kilo 100 pekee, ambayo ni shilingi 50,000, atakuona bahili na kumfuata mwenzako. Kwa hiyo mpimie mzigo wote mbele yake, uondoe uzito wa gunia tupu, kisha mpige hesabu pamoja. Faida yako kwa kila kilo itapungua, na si haki kukuficha hilo, lakini ile nyongeza unayoihofia kuikosa ilikuwa mali ya mkulima tangu mwanzo.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mzani wako nao lazima uhakikiwe na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, kwa maana mzani usiohakikiwa unaweza kumwibia mtu hata pale mwenye nao anapokuwa na nia njema.

Kuna mwingine anayeumia ambaye wafanyabiashara wengi hawamtaji, naye ni kuli anayepandisha mzigo huo kwenye lori. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linaweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mara kwa mara. Lumbesa ya kilo 130 inazidi mara mbili ya hapo, na mgongo ukishaharibika hakuna anayemlipa. Kwa sababu hiyo ningekushauri ufungashe kilo 50, ingawa sheria inakuruhusu zaidi.

Ugumu mkubwa utaupata sokoni, kwa kuwa dalali anayekadiria bei kwa kutazama gunia ataliona lako dogo likisimama karibu na lumbesa. Usipeleke mzigo wako wote huko. Tafuta hoteli, shule za bweni na wauza chipsi wanaokubali kununua kwa kilo, maana nao hupunjwa wanaponunua gunia wasilolijua uzito wake. Anza na sehemu ya mzigo, andika uzito na bei katika daftari lenye nakala, na nakala moja umwachie mkulima ili msimu ujao alinganishe malipo yako na ya mnunuzi mwingine yeyote.