Kwa Somoe, kuhusu seli inayokataa kufa

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Huku hatujambo sote. Umeniuliza: ikiwa virusi huua seli, hiki cha HPV kinaletaje saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni seli kuzidi? Na je, Zuhura achanjwe?

Seli kufa ni sehemu ya uzima, mwanangu. Zuhura alipokuwa tumboni mwako, vidole vyake viliachana kwa kuwa seli za katikati zilijiua wakati wake ulipofika. Kifo hicho, apoptosisi, kina protini zinazokizuia, kama BCL-2, na zinazokiruhusu, kama BAX.

Ninayotaka uishike ni protini nyingine, p53. DNA ya seli, yaani vinasaba vyake, ikiharibika, p53 huisimamisha seli ijirekebishe. Ikishindikana, huiamuru ife. Katika takribani nusu ya saratani za binadamu, jeni ya p53 yenyewe imeharibika. Kwenye mlango wa kizazi mara nyingi jeni hiyo ni nzima kabisa! HPV aina ya 16 na 18, miongoni mwa protini zake, hutengeneza mbili: E6 na E7. E7 huilazimisha seli igawanyike. Kulazimishwa huko peke yake kungeiamsha p53, na seli ingekufa, yakaishia hapo. Lakini E6 huikamata p53 na kuisukumia kwenye kuvunjwavunjwa kila inapotengenezwa. Seli inabaki hai, makosa ya DNA yanarundikana kimyakimya, pengine miaka 15 hadi 20, hadi saratani itokee. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, hata 5 hadi 10.

Seli za Henrietta Lacks, aliyefariki Marekani mwaka 1951 kwa saratani hiyo, bado zinaishi maabara zikiwa na vinasaba vya HPV 18. Watafiti wakizima E6 na E7 ndani yake, p53 hurudi, na seli huacha kugawanyika. Miaka yote hiyo, amri ya p53, ya kusimama au kufa, ilikuwa inanyamazishwa tu.

Basi Zuhura achanjwe, tena mapema. Chanjo humkinga ambaye hajaambukizwa; haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Siku hizi ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Wewe umeshapita umri huo. Miaka yangu ya wodini niliwapokea wanawake waliokuja damu ikiwa imeshaanza kuwatoka ovyo, na wengi hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Ilikuwa inaniuma, na bado inaniuma. Nenda kituo cha afya uombe kipimo cha siki, cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuutazama. Ni dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Ukitoka huko nipigie.

Mama yako