Kabla hujatundika picha ya msanii kwenye mgahawa wako

Ingia mgahawa wowote wa mtaani hapa Dar utakutana na picha zilezile: maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, bakuli la zabibu na matufaa, au farasi weupe wanaokimbia ufukweni. Zinauzwa Kariakoo zikiwa na fremu yake kabisa, na sijawahi kumwona mteja amesimama kuzitazama. Nilipozishusha kwenye mgahawa wangu hapa Sinza nikaweka kazi za wachoraji wa hapahapa, nilitaka tu ukuta usiofanana na wa jirani. Siku hizi watu wananiuliza naendeshaje mambo hayo, kwa hiyo nayaandika yote mara moja.

Kwanza kabisa, picha ya msanii ikishapanda ukutani kwako haijawa pambo lako. Ni ya mwenyewe, wewe umeichukua mali kauli: ikiuzwa unampa chake, isipouzwa unamrudishia kama ilivyokuja. Ukilishika hilo, maswali mengine mengi yanajijibu. Wachoraji wamechoka kuambiwa "weka tu hapa bosi, utajulikana." Rangi wananunua, kitambaa cha kuchorea wananunua, nauli ya kuja kwako wanalipa, na mwenye nyumba hapokei umaarufu. Sahani ya chipsi kuku nayo si malipo. Mkaribishe ale, sawa, lakini hicho ni chakula cha mgeni, kisiingie kwenye hesabu.

Andikeni. Karatasi moja, nakala mbili: jina la kazi, ukubwa, bei, kamisheni yako, tarehe ya kushusha, na nani anabeba gharama picha ikichanika au ikimwagikiwa mchuzi. Kwangu nabeba mimi, maana mchuzi ni wangu. Siku kazi inapoingia naipiga picha kwa simu mbele, nyuma na kona zote nne, msanii akiwepo. Wengine huona aibu kuandikishana na kijana wa mtaa wanayemfahamu tangu mdogo. Ndiyo haohao wanaokuja kununiana baadaye.

Kamisheni yangu ni asilimia 20. Galeri huchukua zaidi, na ina sababu, kwa kuwa kazi yake ni kutafuta wanunuzi. Mimi nauza pilau na makange, ukuta unanisaidia mteja asichoke kusubiri. Jambo ninalolikazania ni siku ya malipo: hela ya msanii inatumwa kwenye simu yake siku hiyohiyo, kabla sijafunga hesabu. Ukiilaza kwenye droo pamoja na hela ya nyama na mkaa, kesho asubuhi itakwenda sokoni.

Wasanii utawapata wapi? Kwa picha za Tingatinga nenda Morogoro Stores, Oysterbay, kwenye ushirika wao. Vinyago vya Kimakonde viko Mwenge. Nafasi Art Space, Mikocheni, utakutana na vijana wanaochora mambo tofauti kabisa na pundamilia na machweo. Lakini anza na mtaani kwako. Yule fundi anayeandika mabango ya saluni na kupamba bajaji mara nyingi ana picha zake chumbani ambazo hajawahi kuulizwa. Kazi ninayoipenda kuliko zote zilizopita kwangu ilitoka kwa mtu wa namna hiyo: kina mama watatu wanaparua samaki, magamba ameyachora moja moja, na mmoja wao ameshikilia simu kwa bega huku mikono ikiendelea na kazi. Wateja walikuwa wanabishana anaongea na nani.

Sasa jiko. Mgahawa una mvuke, moshi na mafuta, na Dar yenyewe ina unyevu na joto la kutosha. Kazi za karatasi, kama za penseli au rangi za maji, zitajikunja na kuota madoa kama hazina kioo. Picha ya kitambaa isiyo na vanishi itanasa vumbi la mafuta, na ukiifuta unaondoka na rangi. Picha zilizopakwa rangi ya enameli ndizo zinazostahimili. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha kuzisafisha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi hiyohiyo, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vibao vya hadibodi vya takriban sentimita 60 kwa 60. Na picha zake ziliuzwa hapohapo Morogoro Stores, nje ya duka ambako watu walikuja kununua mahitaji ya nyumbani. Kwa hiyo anayesema sanaa na chakula haviuziki mahali pamoja, mwambie aende Oysterbay.

Tundika ukutani mbali na jiko, pasipopigwa na jua la jioni. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya kichwa cha mtu aliyekaa. Mgongo wa kiti cha plastiki unakwangua kila kitu kilicho chini ya hapo. Ukuta wa bloku hauaminiki kwa msumari mtupu, mwite fundi mwenye drili aweke plagi na skrubu. Karibu na televisheni usiweke kitu, siku ya Simba na Yanga hata mhudumu haonekani, sembuse picha. Kinyago cha mpingo kikae mbali na jua na feni, kisije kupasuka.

Bei iandikwe, tena kwa shilingi. Mteja wa Sinza akiona kikaratasi hakina bei anaamua moja kwa moja kwamba ni ya watalii, hata haulizi. Weka jina la msanii, jina la kazi, bei na lipa namba. Mwombe msanii alete na kazi ndogondogo, za ukubwa wa daftari, maana ndizo mtu ananunua akiwa amekuja kula tu. Kwa kubwa ninaruhusu kudunduliza: mteja anatoa kianzio, picha inawekwa alama, anaendelea kupunguza kila mshahara. Msanii lazima akubali kwanza, na kila anachotoa mteja kinagawanywa papo hapo.

Wahudumu nao wafundishwe. Mteja akiuliza "dada, hii mnauza?" jibu lisiwe "sijui, ngoja bosi aje." Namwomba msanii akae nao nusu saa awasimulie kila picha. Yule mhudumu wangu wa zamu ya jioni sasa anauza kuliko mimi, na nimempa fungu lake kutoka kwenye kamisheni.

Jambo moja wengi hawalijui: kununua picha si kununua haki ya kuichapa. Hata ukiimiliki, huwezi kuiweka kwenye menyu, fulana au tangazo lako bila ruhusa ya mchoraji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. Omba, mlipe, mwandikiane. Na kama unataka achore ukutani moja kwa moja, muulize kwanza mwenye jengo, kwa sababu mkataba wa pango ukiisha ule ukuta hauhami na wewe.

Badilisha kazi kila baada ya miezi mitatu hivi. Wateja wa kila siku wakishaizoea picha hawaioni tena. Siku ya kushusha, ifute kazi vumbi, toa ile picha ya simu ya siku ilipoingia mlinganishe wote wawili, kisha msanii asaini kwamba amepokea. Ambaye hakuuza chochote mweleze wazi watu walisema nini, hata kama walisema bei iko juu, halafu mwachie yeye aamue kama atarudi.