Kwa Wanaoanza Kuchunguza Muziki wa Nyakati za Misukosuko

Wanafunzi wengi ninaowasimamia wanapoanza utafiti wa muziki na misukosuko ya kijamii hukimbilia maneno ya wimbo, wakitafuta mahali palipotajwa dhuluma au uhuru. Kazi nyingi hukwama hapo, kwani maneno ni sehemu tu ya ushahidi.

Chukueni mapinduzi ya Ureno ya mwaka 1974. Usiku wa tarehe 24 Aprili, redio ilipiga wimbo wa mapenzi wa Paulo de Carvalho, ambao wiki chache kabla ulikuwa umeiwakilisha nchi hiyo katika Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Maofisa waliopanga kuipindua serikali walikuwa wameuteua uwe ishara ya kujiandaa, na ulifaa kwa sababu hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuutilia shaka. Baada ya saa sita usiku ukafuata wimbo wa José Afonso unaousifu mji wa Grândola na udugu wa watu wake, nao ukawa ishara kwamba operesheni imeanza. Anayesoma maneno ya nyimbo tu angeuweka ule wa kwanza kando na kuusahau.

Kwa hiyo ulizeni kwanza wimbo ulisikika lini, kupitia chombo gani, na mikononi mwa nani. Hata hivyo, msije mkaandika kwamba nyimbo hizo ndizo zilizoiangusha serikali. Jeshi lilikuwa limechoshwa na vita katika makoloni ya Ureno ya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau, na hilo halikutokana na redio.

Mwelekeo wa athari nao haunyooki. Nchini Nigeria, Fela Kuti alitoa mwaka 1976 wimbo uliowakejeli wanajeshi kwa utii wao usiohoji. Februari 1977 wanajeshi wakavamia na kuteketeza makazi yake jijini Lagos, na mama yake, Funmilayo, aliyejeruhiwa katika uvamizi huo, akafariki mwaka uliofuata. Kifo hicho nacho akakiimba. Mkichanganya tarehe za kurekodiwa, kutolewa na kupigwa marufuku, mtageuza chanzo kuwa matokeo bila kujua, na kosa hilo, kwa maoni yangu, ni baya kuliko kutafsiri vibaya ubeti mzima.

Mahojiano yanasaidia, lakini yapimeni: baada ya ushindi, hata waliokuwa wamefunga madirisha hukumbuka kwamba waliimba barabarani. Yalinganisheni na magazeti pamoja na ratiba za vipindi vya redio vya siku zile zile.