Anayeogelea ni mkono, mguu ni abiria

Mhariri, assalaam alaykum.

Wiki iliyopita mlitusimulia habari za Margaret Maughan, Mwingereza wa kwanza kupata dhahabu ya Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, Roma 1960. Kisha mkatuuliza: medali yake ya kuogelea, aliyoipata akiwa peke yake majini bila mpinzani, ni medali kamili? Nililisoma swali kwa sauti barazani na papo hapo nikajibu, "Kamili, tena na zaidi!" Mdogo wangu alikuwa kando yangu kwenye kiti chake cha magurudumu. Hakuitikia. Kunyamaza kwake ndiko kulikonifanya niwaandikie.

Maughan alikuwa mwalimu. Mwaka 1959 alipata ajali ya gari huko Malawi, enzi hizo ikiitwa Nyasaland, akapooza kuanzia kiunoni. Alitibiwa kwao katika hospitali ya Stoke Mandeville, kwa Daktari Ludwig Guttmann, ambaye hakukubali kwamba aliyeumia uti wa mgongo alazwe tu akingoja siku yake. Mwaka uliofuata alikuwa Roma na upinde wake. Alishinda bila kujua. Alikwisha kupanda basi, wakaja kumtafuta akachukue medali. Nyumba walizopewa wanamichezo zilikuwa na ngazi, ikabidi wanajeshi wawabebe. Hapo nikamwona kama mtu wa kwetu, kwani mkaazi wa Lamu hahitaji kuelezwa habari ya ngazi.

Mdogo wangu alianguka mnazini. Tangu siku hiyo kiti chake kinapita kichochoro chetu magurudumu yakisugua kuta zote mbili, na vidole vyake vina makovu ya chokaa na mawe. Kwenye mfereji tunaweka ubao. Akikutana na punda wa mchanga, mmoja lazima arudi nyuma, na punda harudi.

Kabla ya kuanguka alikuwa muogeleaji. Hapa pwani, siku za sherehe, vijana huruka kutoka kwenye jahazi lililotia nanga, na wa kwanza kugusa ngazi za gati ndiye mshindi. Alishinda mara mbili. Miaka mitatu baada ya kuanguka akasema ataingia tena. Mama alilia. Yeye akamwambia, "Anayeogelea ni mkono, mama. Mguu ni abiria." Miezi miwili tulimteremsha baharini kila maji yalipojaa, mara nyingine kabla ya adhana ya alfajiri, mimi nikishika taa na binamu zetu wakimbeba.

Siku yenyewe tulimpeleka kwa mkokoteni. Msimamizi mmoja alimtazama, akamwambia kwa upole kabisa, "Wewe utaogelea mwanzo, peke yako. Hatuna wa kushindana nawe." Wale vijana waliokuwa wamejipanga hawakuulizwa kama wako tayari kushindana naye. Wakamshusha kutoka jahazini kwa mikono, akaja chali, uso juu, mikono ikizunguka taratibu kama mtu anayevuta kamba ndefu. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, huku vidole vikihesabu tasbihi, maana nilikuwa nikimwombea asizame. Nilimaliza punje zote 99, nikaanza upya, na alipogusa ngazi nilikuwa kwenye punje ya 41.

Walimpa kikoi na bahasha pale pale ngazini. Kikoi alijifunga. Bahasha akaninyooshea mimi. "Warudishie, dada."

"Kwa nini? Umeshinda."

"Nimeogelea. Sijashindana."

Akakataa kutoka majini. Alishika ngazi ya chini akayatazama mashindano yenyewe, mawimbi ya wenzake yakimpiga kifuani. Nami, sijui kwa nini, nikaanza tena kuhesabu tasbihi tangu waliporuka, kwa mwendo uleule. Watano walifika nikiwa nimeshapita mzunguko mmoja na punje 41.

Sasa nirudi kwenye swali lenu, maana naona silijibu tena kama nilivyolijibu barazani. Dhahabu ya upinde ni kamili, hakuna mjadala. Ile ya kuogelea ni yake halali: mita 50 chali kwa mtu aliyeumia mwaka mmoja tu nyuma ni mita 50 za kweli, na hakumzuia mtu kuja. Yale yalikuwa mashindano ya mwanzo, wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23. Aliyefungua mlango hawezi kulaumiwa kwa kuukuta ukumbi mtupu. Tena mtu wa medali ya bure harudi. Yeye alirudi: 1972 huko Heidelberg, Ujerumani, ndipo Kenya iliposhiriki mara ya kwanza, akapata dhahabu kwa kulenga ubao mfano wa ule wa vishale, na 1980 huko Arnhem, Uholanzi, dhahabu ya mchezo wa kuviringisha mipira nyasini. Akiwa na miaka 84 aliwasha mwenge wa Paralimpiki ya London.

Lakini mkinishikilia neno "kamili", basi nasema hapana, haikukamilika, na kilichopungua hakikupungua kwake. Huenda nachanganya mambo mawili, kwa sababu Maughan alikosa wapinzani, na mdogo wangu alitengwa nao wakiwa pale pale wamevua mashati. Anayejua zaidi anirekebishe. Ila medali ya namna ile nisingependa apewe mtu mwingine tena, hata kwa upendo.

Habari ya tasbihi sikuwahi kumwambia miaka yote hii, nilihofia kumtonesha. Nimemwambia juzi, kwa sababu ya swali lenu. Akaliweka chini gazeti. "Watano?" akauliza. Kisha akataka niwataje mmoja mmoja.