Barua kwa binti yangu wa Lubumbashi kuhusu Jumapili na kopo la kupimia

Binti yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na pesa ulizotuma kwa simu kwa ajili ya dawa za shangazi yako zimefika salama, Mungu akuzidishie. Unaniuliza kama ni dhambi kufungua duka lako la unga siku ya Jumapili, kwa kuwa huko Katuba, mtaani kwenu, siku hiyo watu wengi wako nyumbani na ndiyo siku unayouza kuliko nyingine zote, na kwa kuwa wenzako wa kwaya wameanza kukusema kwamba Mkristo wa kweli hawezi kuonekana amesimama nyuma ya gunia la unga wakati wengine wako misani. Unataka jibu moja, ndiyo au hapana, kwa sababu mimi ni mama yako na nimeuza maharage katika masoko ya Goma tangu kabla hujazaliwa.

Kabla sijafika huko, niambie kwanza habari za kopo lako. Hilo kopo la kupimia unga, ambalo huko kwenu mnaliita meka, kitako chake kikoje? Nani anapima unapokuwa umekwenda Kasumbalesa mpakani kufuata mzigo? Mtoto akitumwa na mama yake, na hajui kuhesabu vizuri, anapimiwa sawasawa na yule mwanamume anayekuja na gari?

Usidhani ninalikwepa swali lako. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawasema wafanyabiashara walioishika Sabato bila kasoro. Walifunga maghala yao, wakatulia, hawakuuza hata punje moja. Lakini moyoni walikuwa wakiuliza siku hiyo itakwisha lini, ili wafungue ngano yao, wapunguze kipimo, waongeze bei, na kuwauzia maskini hata takataka za ngano. Tazama jambo hilo kwa makini. Mungu hakuwakemea kwa kufungua siku ya Sabato, maana hawakufungua. Aliwakemea kwa ajili ya kesho yake. Wewe na ndugu zako mmelisikia neno langu hili mpaka mkalichoka, na bado ninalirudia: pale sokoni Mungu husimama upande wa mnunuzi. Anayenunua hana kopo, hana mizani, hajui gunia limetoka wapi. Hana kitu ila pesa yake na imani aliyo nayo kwako.

Soko letu la baada ya volkano wewe unalijua kwa kusimuliwa tu, maana ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka, na moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukaiteketeza nyumba yetu ya kwanza pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tuliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, tulikokuwa tumekimbilia, tulikuta mawe meusi mahali palipokuwa na mitaa. Sisi wanawake tulipanga meza zetu za mbao juu ya mawe hayo, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yakitoa mvuke kila mvua iliponyesha, tukaanza tena na maharage ya Masisi na ya Rutshuru, kila mmoja kwa kiasi cha deni alilopata. Kila asubuhi, kabla ya kufungua magunia, tulisali rozari pamoja. Ninakiri kwamba sijawahi kusali vizuri kama siku zile, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa amepoteza kitu, na hapakuwa na maneno ya kujionyesha.

Ndipo nilipoyaona makopo. Fundi wa bati aliyekuwa akikaa karibu na barabara alikuwa akilipindua kopo la maziwa ya unga, analiweka juu ya jiwe, kisha anakigonga kitako kwa nyundo mpaka kinaingia ndani. Ukilitazama kwa nje huoni kitu. Muuzaji hulijaza kopo hilo haraka, anaacha kilima juu, tena anaongeza maharage machache kwa mkono wake mbele ya macho yako ili moyo wako ufurahi. Na wewe unakwenda nyumbani ukisifu ukarimu wake, huku sehemu ya chakula cha watoto wako ikiwa imebaki katika lile shimo la chini. Ninakueleza kwa urefu ili ujue kwamba wizi huu una uso wa kupendeza. Anayeufanya hata huitwa mtu mwema.

Karibu wote tuliokuwa tukisali pamoja walikuwa na kopo la namna hiyo. Langu lilikuwa na kitako bapa kama lilivyotoka dukani. Haukupita muda wanunuzi wakatambua, na mstari mbele ya meza yangu ukawa mrefu, na wenzangu wakaona. Yule aliyekuwa akituongoza katika rozari, ambaye jina lake unalijua na sitaliandika hapa, alinijia jioni moja akaniambia kwa upole kabisa: «Mama, peleka kopo lako kwa fundi kama sisi wote. Unatuharibia soko.» Nikamjibu kwamba sitalipeleka. Hakugombana nami. Baada ya siku chache walinitoa katika likelemba, ule mchango wetu ambao kila mmoja huupokea kwa zamu, kabla zamu yangu haijafika. Walikuja mezani kwangu mchana, wanunuzi wakitazama, wakanirudishia nilichokuwa nimechanga, noti moja moja, na yule aliyekuwa akizihesabu alikuwa amejizungushia rozari yake mkononi, msalaba ukigusa ubao kila alipoweka noti. Mpaka leo nikiusikia mlio mdogo wa namna ile mahali popote, moyo wangu hushtuka.

Bila likelemba sikuweza kununua gunia zima kwa bei ya jumla. Kaka yako mkubwa alirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za shule, akakaa kando yangu sokoni akichora chini kwa kijiti, naye ndiye aliyekuwa akili ya darasa lake. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliniambia usiku mmoja: «Watoto hawali kopo.» Neno hilo liliniuma kuliko lile la wanawake, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Nami nimebishana nalo miaka yote hii. Ninajiambia kwamba mtoto anayelishwa kwa kipimo cha wizi anakula sehemu ya mtoto mwingine, wa mama mwingine, ambaye nyumba yake pia ilichomwa na moto uleule. Halafu ninajijibu kwamba wale wenzangu hawakuwa mashetani: wengine walikuwa wajane, na sisi sote tulikuwa tukiibiwa na wauzaji wa jumla waliochanganya mawe na vumbi katika magunia, na tulilipishwa njiani kwenye kila kizuizi. Nani basi alikuwa mwizi wa kwanza? Ninaufuata mnyororo huo mpaka juu, na kila ninapofika juu ninarudi chini pale pale, kwa mwanamke aliyekuja na pesa ya kopo moja akaondoka na pungufu. Yeye hakuwa na mtu wa chini yake wa kumwibia. Mungu husimama upande wake, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusimama upande mwingine.

Ila nikuambie pia kilichonifurahisha, kwa sababu baba yenu hakuwa mtu wa maneno mengi na ninyi wadogo hamkumjua vizuri katika nguvu zake. Hakunishurutisha hata siku moja kulibadilisha kopo. Muda si mrefu baada ya usiku ule, alitoka kazini kwake akaja moja kwa moja sokoni, na nguo zake za kazi zikiwa na saruji, akakaa kwenye kiti changu, akanyoosha mkono nimpe kopo. Akawapimia watu mpaka giza likaingia. Alipima polepole, akisawazisha juu kwa kiganja chake kikubwa, na kwa kila mnunuzi alilipindua kopo tupu kwanza ili aone kitako. Mwanamume, tena fundi mwashi, anauza maharage ya mke wake mbele ya mji mzima! Watu walicheka, naye hakuinua uso. Nimeolewa naye kwa harusi ya kanisa, lakini nadhani ndoa yetu niliielewa jioni ile.

Najua utaniambia kwamba hayo ni mambo ya kopo na wewe uliuliza habari ya siku. Nami nasema ni amri ileile. Soma tena amri ya kupumzika katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Haisemi tu kwamba wewe upumzike. Inamtaja mwanao, binti yako, mtumwa wako na mjakazi wako, ng'ombe wako na punda wako, hata mgeni aliye ndani ya malango yako, na inatoa sababu: ili mtumishi wako apumzike kama wewe, kwa maana na wewe ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Kwa hiyo, wenzako wa kwaya wanapokuuliza unakuwa wapi Jumapili asubuhi, wameuliza nusu tu. Yule msichana anayekusaidia dukani, uliyemtaja kwa mstari mmoja tu katika barua yako, yeye anakuwa wapi? Ukifunga duka ukaenda kuimba, naye akabaki nyuma ya nyumba anachekecha unga wa kesho, umeitunza siku ya nani? Na ukifungua, lakini yeye ukampa siku yake nzima ya kupumzika na malipo yake bila kuyakata, nani atasema kwamba hukusikia amri hata kidogo? Mimi siwezi kulisema hilo kwa urahisi.

Lakini pia siwezi kukuambia kwamba siku ni siku tu. Hapana. Mara nyingi nimewasikia watu wakisema kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu, kama Bwana wetu alivyosema katika Injili ya Marko, kisha wanalitumia neno hilo kufanya biashara siku saba mpaka wamesahau nyuso za watoto wao. Hilo nalo ni kopo lililogongwa kitako. Padri wetu anatukumbusha kwamba misa ya Jumamosi jioni huhesabiwa kuwa ya Jumapili, na huo ni mlango ambao Kanisa limeufungua kwa watu wa kazi kama sisi. Ila mtu huweza kupita mlango huo kila wiki na bado asipumzike, wala asimpumzishe mtu.

Mwaka wa 2025 sisi hapa Goma tulipewa mwalimu wetu wenyewe katika mambo haya. Tarehe 15 Juni, katika basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenyeheri, hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu, kijana wetu, aliyezaliwa papa hapa. Hakuuawa akiwa altareni. Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26, aliuawa kwa sababu alikataa hongo, asiruhusu mchele ulioharibika upite na kuuzwa kwa watu. Mimi ninaufikiria mchele ule kuliko ninavyofikiri habari za sherehe. Ungepita, ungefika kwenye meza kama yangu, na mimi ningeupima kwa kopo langu zuri la kitako bapa, nikimuuzia mama mwingine ugonjwa bila kujua. Alitulinda sisi sote tuliokuwa chini yake katika mnyororo ule, wauzaji na wanunuzi, watu ambao hakuwajua kwa majina. Alikuwa pia katika Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki wanaowasaidia maskini, akiwashughulikia watoto wa mitaani, lakini mbele ya watu wa soko utakatifu wake ulikuwa katika sahihi ile aliyokataa kuiweka. Sikutakii mateso yake. Mama gani angemtakia mtoto wake? Ninataka tu uone kwamba hakungoja Jumapili.

Na usifikiri kwamba ninazungumza habari za zamani. Benki zilipofungwa hapa Goma mwezi wa Januari 2025, pesa taslimu zilikuwa ngumu kupatikana, na noti zilichakaa mpaka watu wakawa wanazikataa. Binamu yako alikuwa akizipokea noti hizo kwa thamani pungufu kisha akizitumia kwa thamani kamili, na kila Ijumaa anafunga kula. Nilimwambia ninachofikiri, akakasirika, hajanisalimu tangu Pasaka. Shangazi yako anasema nimezidi ukali. Huenda. Lakini mwanamke aliyempa noti ile aliondoka bila chumvi, na mimi nilimwona akiondoka.

Sasa unangoja ndiyo au hapana yangu. Ninayo, mwanangu, na imenikalia mdomoni tangu nilipoanza kuandika. Ukinijua vizuri tayari umeshaikisia. Nimeiandika mara moja pembeni ya karatasi kisha nikaifuta, kwa kuwa mimi siijui kodi ya nyumba yenu huko Katuba, wala sijui mume wako amekaa bila kazi kwa muda gani, wala siye nitakayesimama dukani Jumapili ijayo. Duka ni lako. Ila usiamue kabla hujakaa chini na yule msichana, wala usimuulize mbele ya wanunuzi. Muulize yeye angependa siku gani iwe yake, na anasali kanisa gani, maana hata hilo hukuniandikia. Kisha nijibu, na unieleze na lile kopo.

Msalimie mume wako na watoto. Shangazi yako anaendelea vizuri, ila mguu bado umevimba kidogo jioni.

Mimi mama yako,
Goma